Soko Lisilofunga Jumamosi

Kijiji cha Sendangrejo,
Tulungagung.
Jumatatu, 7 Julai 2025.

Mpendwa dada yangu, Mbak Winarsih,

Salamu nyingi zikufikie huko Hong Kong, wewe pamoja na yule bibi kizee unayemtunza. Hujambo? Goti lako limepoa, au bado linakuuma lifti ikiharibika na kukulazimisha kupanda ngazi na mboga mkononi? Na bibi yako amepunguza ukali, au bado anahesabu vipande vya samaki kabla hujaketi kula?

Huku sisi ni wazima. Sukari ya Mama imeshuka tangu daktari alipomtisha, ingawa bado namfumania akilamba kijiko cha sukari ya mnazi jikoni na kujifanya anakiosha. Binti yako Kinanti amemaliza shule ya msingi, na wiki ijayo anaanza sekondari. Amerefuka mpaka sketi ulizomtumia wakati wa Idi tumeziteremsha pindo mara mbili. Baba naye anakula, anatembea, anavuta sigara zake alizozipaka mashapo ya kahawa kama kawaida. Nimekupa habari za afya za watu wote mapema kwa sababu ukifika katikati ya barua hii utadhani kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa.

Utashangaa kupata karatasi siku hizi. Nitampa jirani yetu Mbak Sumiyati, likizo yake imekwisha na keshokutwa anarudi kazini huko kwenu. Simu sikuitaka. Ukipiga, Baba huwa ameketi hapo hapo kwenye kochi, na wewe unavyopaza sauti hata kuku wanajua umekula nini. Ujumbe wa maandishi nao ungesoma mstari wa kwanza, ukampigia Baba kabla ya kufika wa pili. Nakujua, Mbak, tumenyonya ziwa moja. Karatasi haina kitufe cha kupigia. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ya tarehe 19 Baba atakupigia simu akuombe rupia milioni thelathini na nane. Atasema ni za mbao za paa la nyumba yako. Usitume. Hakuna mbao, na kwa sasa hakuna hata nyumba ya kuezeka.

Sasa nianze mwanzo, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Unakumbuka kwamba mshahara wako ndio uliomfundisha Baba. Kila mwezi unatuma dola zile zile za Hong Kong, na kila mwezi rupia zinazofika hazilingani na za mwezi uliopita. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaenda zake. Baba yetu, Pak Darmaji, aliyefanya udalali wa ng'ombe miaka arobaini, akaona hapo kuna bei inayopanda na kushuka, na penye bei inayopanda na kushuka hawezi kupita bila kuchungulia. Akaanza kuandika bei ya dola ukutani, nyuma ya mlango, kwa penseli. Kisha akasikia kwenye kibanda cha kahawa kwamba watu wanauza na kununua fedha za nchi nyingine wakiwa wamekaa nyumbani na simu mkononi. Basi, usingizi ukamwisha.

Ndipo mwezi wa pili ukaniambia, "Seno, mwalimu wa kompyuta ni wewe. Mchagulie mzee programu nzuri, mpe milioni kumi achezee. Zilizobaki ni za nyumba, asiziguse." Nikakubali. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Mbak, sijawahi kufanya kazi ya kuudhi kama ile. Programu hizo wenyewe huziita majukwaa, nami nilijaribu kumi na nne. Kila moja inataka namba yako ya simu kabla haijakuonyesha hata rangi ya mlango wake. Ukishaitoa, umekwisha. Wananipigia niko darasani, mbele ya wanafunzi thelathini na sita: "Kaka Seno, leo tuna zawadi ya ukaribisho!" Wanafunzi wakaanza kuniita Kaka Zawadi. Mpaka leo wananiita hivyo wakidhani sisikii.

Lile la zamani ambalo kila mtu analo ni imara, lakini herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa, na kidole gumba cha Baba kikigusa kuuza kinagusa na kununua pia. La pili lina michoro mizuri ajabu, ila linataka intaneti ya mjini, na huku kwetu mvua ikinyesha tu linaganda. La tatu rangi zake zimegeuzwa, nyekundu ndiyo kupanda. Baba akanunua kwenye akaunti ya majaribio akidhani anauza, akanilaumu mimi. La nne linakata riba ukilala na dola mkononi usiku kucha, na Mama akasimama mlangoni na mwiko akasema riba haitaingia nyumba hii hata kwa waya. Nikatafuta lenye akaunti isiyo na riba. Nikalipata, lakini pengo lake kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia ni pana kama mfereji wa shamba, maana riba waliyoiacha mlangoni wameipitishia dirishani.

Yote hayo niliyaandika kwenye daftari la shule, kurasa arobaini, kwa wino wa rangi mbili. Nikaangalia orodha ya serikali ya madalali wenye leseni, jina kwa jina. Mwishoni mwa Aprili nilikuwa na majukwaa matatu ya halali, safi, yenye herufi kubwa. Nikamletea Baba kama mtu anayeleta mahari.

Baba akafungua daftari, akalitazama kwa heshima, akalifunga. Akasema, "Vizuri, Le, mwanangu. Tutaanza siku yangu."

Siku yake unaijua. Amezaliwa Jumamosi iliyoangukia Pahing ya lile juma la wazee la siku tano, na kwa hesabu yao jozi hiyo ya siku ina kumi na nane, hakuna inayoizidi. Huja mara moja kila siku thelathini na tano. Siku hiyo ndiyo aliyomnunua yule dume mwekundu aliyetulipia shule, na ndiyo aliyomposa Mama. Gulio la ng'ombe nalo ni la Pahing. Kwa hiyo nilisema sawa. Nikatazama kalenda, nikaona ni tarehe 10 Mei, nikaweka alama. Hapo, Mbak, mimi mwalimu wa kompyuta mwenye daftari la kurasa arobaini, sikukumbuka kitu ambacho kila mtu wa kazi hiyo anakijua tangu siku ya kwanza.

Tarehe 10 Mama alipika wali wa manjano na kuku mzima. Baba akaoga mapema, akavaa shati la batiki alilovaa kwenye harusi yako. Tukaketi mkekani, nikafungua majukwaa yote matatu kwenye kompyuta. Namba zimesimama. Hakuna hata moja iliyotikisika.

"Mbona hazitembei?" Baba akauliza.

"Leo soko limefungwa, Baba. Dunia nzima. Litafunguliwa Jumatatu alfajiri."

"Nani kalifunga?"

"Hakuna aliyelifunga, Baba. Mabenki yanapumzika tu."

"Le, dalali asiyetokea gulioni siku ya Pahing sisi tunamwitaje?"

Nikabonyeza tena, namba pale pale. Akajijibu mwenyewe:

"Tunamwita kakimbia na ng'ombe wa watu."

Na kama vile ameitwa, Pak Hartoyo akaingia, yule aliyekuwa anauza mbolea karibu na daraja, rafiki wa Baba wa kahawani. Alikuwa amealikwa kula wali. Akachungulia kompyuta yangu akacheka mpaka kofia ikamteleza.

"Aa, Pak Dar! Mwanao kakuletea majukwaa yenye usingizi! Tazama langu hili. Hawa hawajui Jumamosi wala Jumapili, wako kazini kama mchwa."

Akatoa simu. Jukwaa la kijani, jina lake sitaliandika hapa. Namba zinakimbia juu na chini, zinawaka, dola, yeni, pauni, zote ziko macho. Baba akalisogelea lile jukwaa kama anavyomsogelea ng'ombe anayemtaka. Akasema, "Haya, hili ndilo gulio."

Mbak, nilijua papo hapo. Hilo ndilo linaloniuma, wala sitalificha. Kama soko la dunia nzima limefungwa, bei hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwa mtu aliyeketi mahali fulani anazichora. Majukwaa yangu matatu yalisimama kwa sababu ni ya kweli, na lile moja lilikuwa linatembea kwa sababu ni la uongo. Ilikuwa wazi kama mchana, na Baba kwa sababu ya siku yake aliisoma kinyume.

Unajua nilisema nini? Mgeni yupo, wali uko mkekani, Baba amependeza. Nikainamisha kichwa nikasema kwa ile lugha yetu ya heshima, "Niwie radhi Baba, labda ingefaa kulitazama tazama kwanza." Basi. Kwa lugha tunayomsemesha Baba unaweza kuomba radhi kwa namna kumi na mbili, lakini mimi sijafundishwa namna hata moja ya kumwambia, "Baba, unaibiwa." Nikala wali. Nikaongeza na paja la kuku.

Jumatatu nilijikaza. Nikamwonyesha orodha ya serikali, nikamwambia la kijani halimo. Akanijibu taratibu tu, "Mimi nilipoanza kuuza ng'ombe nilikuwa kwenye orodha ya nani?" Nikamweleza habari ya Jumamosi, kwamba majukwaa ya kweli yote hufungwa. Akasema, "Ulikaa na majukwaa hayo miezi miwili hukuniambia yanafungwa siku yangu. Leo lingine limefunguka ndiyo unakuja na habari." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakutuambia nani huvunjika guu mkuu mwenyewe asiposikia la mdogo.

Sasa sikia upumbavu wangu wa pili, ambao ni mkubwa kuliko wa kwanza. Nikaona nimtege. Nikamwambia, "Haya, Baba, umeshaweka huko zile milioni kumi za kuchezea. Tujaribu kutoa moja. Zikikataa kutoka, utanisikia?" Akakubali, maana ni mtu wa haki. Tukaomba kutoa milioni moja, na mimi moyoni nimeshashinda. Baada ya nusu saa zikaingia benki, kamili, na ujumbe wa asante juu.

Baba hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alinimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Ndiyo maana nilikusomesha, Le. Ili uwe mtu wa kupima." Na mimi nikainywa kahawa ile huku najua kabisa kwamba mvuvi haihesabu hasara minyoo aliyotundika kwenye ndoana. Nilijua, na nilishindwa kueleza, kwa sababu jaribio lilikuwa langu na jibu lilikuwa lake.

Jumamosi Pahing iliyofuata ilikuwa tarehe 14 Juni. Ijumaa ya kuamkia siku hiyo Baba alikwenda benki peke yake, amevaa viatu. Fedha za nyumba ziko kwa jina lake kama ulivyotaka mwenyewe, kwa kuwa na kiwanja kiko kwa jina lake. Akatoa zote milioni mia na hamsini. Kesho yake asubuhi akaziingiza kwenye lile la kijani. Mama hakuambiwa. Mimi nilikuwa shuleni nasimamia mitihani. Nilipata habari jioni, kutoka kwake mwenyewe, akiwa amefurahi kama mtoto. Akanionyesha simu. "Mwambie Winarsih mwaka huu hana haja ya kuongeza mkataba. Akirudi Desemba atakuta nyumba imeshaezekwa vigae."

Mbak, kwa ajili ya Desemba yako. Hakutaka gari, hakutaka kitu. Ningejua kumchukia ningepumzika.

Siku kumi namba zilipanda. Kuna mwanamke wanamwita mwalimu, ana sauti ya asali, anampigia Baba kila asubuhi kumwelekeza anunue nini. Anamwita "Bapak mpendwa." Baba akimaliza kuongea naye hukaa wima kama askari. Leo simu inasema tuna milioni mia tatu tisini na moja. Nyumba yako imesimama pale pale ulipoiona kwenye picha ya mwisho, kuta mpaka usawa wa madirisha, na kuku wa Kinanti wanataga kwenye chumba chako cha kulala.

Mwisho wa Juni fundi Mujiono alikuja kutaka malipo ya awali ya mbao za msaji. Baba akabonyeza kutoa. Safari hii hazikutoka. Walimjibu kwamba faida imekuwa kubwa, sharti kwanza alipe kodi, milioni thelathini na nane, na ailipe kutoka nje, isikatwe humo ndani. Nikauliza, kama pesa zetu ziko kwao, kwa nini wasikate humo humo? Mwalimu wa asali akasema ni utaratibu wa kimataifa. Nilitamani kuitupa ile simu mferejini, mwalimu na utaratibu wake ndani.

Nilikwenda kwa Pak Hartoyo na ngumi zangu mfukoni. Nilimkuta ameketi kwenye kibanda, bila pikipiki. Ameiuza kulipa kodi hiyo hiyo, na baada ya hiyo wakamdai nyingine. Alinishika mkono akaniuliza, "Seno, wewe unajua kompyuta, unadhani ya tatu ndiyo ya mwisho?" Nilitaka sana awe mwizi. Ni mjinga tu kama sisi, na mkewe hajui. Nimekwenda pia polisi na benki. Polisi aliandika kila kitu vizuri, na kwenye benchi nyuma yangu walikuwapo watu wanne na simu zao mikononi. Akaniambia kwa upole nisubiri, ila nisitegemee sana.

Jana ndiyo nilipasuka. Baba alikuwa anaandika ukutani nyuma ya mlango tarehe ya Jumamosi Pahing ijayo, 19 Julai, na pembeni ameandika jina lako. Nikamuuliza la nini. Akasema siku hiyo atakupigia, umtumie za mbao. Mbak, nilimfokea. Nilimfokea kwa lugha ninayowafokea wanafunzi, lugha ya mtaani kabisa, na Mama akaacha kutwanga pilipili jikoni.

"Hakuna mbao! Hakuna kodi! Hakuna soko hapo, ni mtu anakuchorea namba! Wamekuibia! Umeibiwa, huoni?"

Nilisubiri anipige. Hakunipiga. Akaiweka penseli juu ya fremu ya mlango, akakaa.

"Naona," akasema. "Nimeona tangu walipotaka kodi. Nimeuza ng'ombe miaka arobaini, Le. Mnunuzi anayekuambia umlipe wewe kwanza ndipo akupe pesa ya ng'ombe wako, huyo hata mtoto anamjua."

"Sasa mbona unataka kumwomba Mbak pesa nyingine?"

Akajipangusa vumbi la penseli vidoleni.

"Nikilipa, bado nasubiri. Nisipolipa, itabidi nimwambie."

Hicho tu ndicho alichosema. Mama akarudi kwenye kinu chake, na mimi nikatoka nje nikakaa kwenye msingi wa nyumba yako mpaka adhana ya magharibi.

Basi ndiyo maana nimeandika. Nakuambia mimi ili yeye asilazimike kulipa milioni thelathini na nane za kukwepa kukuambia. Unikasirikie mimi, ninastahili. Nilikaa na jibu toka tarehe 10 Mei, nikala nalo wali. Lakini yeye, akikupigia tarehe 19 na kuanza habari ya mbao, naomba usimkatize na usimpandishie sauti. Mwache amalize, kisha mwambie pesa hazipo. Usimtaje Pak Hartoyo wala siku ya Pahing. Hiyo siku ndiyo kitu pekee alichobaki nacho ambacho hakijamdanganya, kwa hesabu zake.

Najua umehesabu miaka tisa ya huko kwa vidole vya miguu na mikono. Najua ulimwambia bibi yako kwamba mkataba huu ndio wa mwisho. Sina neno la kuweka hapo, Mbak. Nimejaribu kuliandika mara tatu nimelikata. Chumba changu kina dirisha na feni, mimi nitahamia sebuleni, na Kinanti tayari amesema analala na wewe hata kwenye kitanda kimoja. Ila hayo ni ya kwetu. Uamuzi ni wako, na hakuna mtu wa nyumba hii mwenye haki ya kukusukuma.

Mama anakusalimu sana, anasema umwambie bibi yako avae soksi usiku. Kinanti anakusalimu, ameandika barua yake ndogo, iko ndani ya bahasha hii, sijaisoma. Bude Tumirah, dada yake Mama, anakusalimu na kuuliza kama yale mafuta ya kuchua bado yapo. Fundi Mujiono naye anakusalimu, yeye hajui kitu. Nisalimie wenzako wote mnaokutana bustanini Jumapili, na kama kuna mmoja wao ambaye baba yake au mumewe ameanza kutaja dola kila asubuhi, msomee kipande cha barua hii, jina letu ukilifunika kwa kidole. Mungu akulinde kwenye ngazi hizo, akupe subira na bibi yako, na akufikishe salama popote utakapoamua kufika.

Nilikuwa nataka kutia sahihi hapa, lakini Baba ameingia. Nimeificha karatasi kwa kiwiko kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Ameniuliza naandika kwa nani. Nimemwambia, kwa Mbak. Ameniuliza kama nimeshasema yote. Nimemwambia yote. Amevuta kiti akaketi karibu yangu, mikono magotini. Nilidhani ataniambia niichane. Sasa hivi ndiyo amefungua mdomo. Amesema nisiandike kwamba anaomba radhi, hilo atalisema mwenyewe kwa mdomo wake, ila kuna jambo moja anaomba nikuulize kwa niaba yake, na amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeliandika.

Anauliza kama Desemba bado utakuja.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo mzito,

Seno